Kanda ya rafiki haikuua muziki

*Mashabiki wa hevi metali walirekodiana vibao vya ala tupu kwa kaseti, bahasha na stempu. Kampuni za rekodi zikasema wanaua muziki. Miaka mingi baadaye mzozo huo umehamia kwenye flashi na simu zetu.*

SAN MATEO, California, Mei 3, 2000. Lars Ulrich, mpiga ngoma wa Metallica, anafika kwenye ofisi za Napster, kampuni ya huduma ya kugawana nyimbo mtandaoni, akifuatana na mwanasheria na shehena ya maboksi. Maboksi yamejaa karatasi, na karatasi zimejaa majina 335,435 ya watumiaji wa mtandao wanaodaiwa kugawa nyimbo za bendi yake bila ruhusa. Kamera zimemzunguka. Mashabiki nao wapo, na baadhi yao wanamzomea.

Hasira ile ilikuwa na historia. Miaka 18 kabla ya siku hiyo, ikiwa haijatoa hata albamu moja, Metallica ilitangazwa na watu waliorekodiana kanda majumbani na kutumiana kwa posta bila kumlipa yeyote. Ulrich, kijana aliyetoka Denmark na kuhamia Los Angeles, alikuwa mmoja wao. Alizisaka kanda, akarekodi, akagawa.

Nani basi alimwibia nani? Swali hilo lilikuwapo kabla ya intaneti na hadi leo halijafungwa. Nimelifuata kupitia kanda za aina moja, zinazopendwa sana na wapenzi wa gitaa: mseto wa hevi metali ya ala tupu, yaani vibao visivyo na mwimbaji, vilivyochaguliwa na mtu mmoja chumbani kwake kwa ajili ya rafiki yake.

Gundi juu ya stempu

Philips ilizindua kaseti mwaka 1963, ikiwa kazi ya kikundi cha wahandisi kilichoongozwa na Mholanzi Lou Ottens. Santuri ilimwachia mtu kazi ya kusikiliza tu. Kaseti ilimpa kitufe cha kurekodi.

Kwa mashabiki wa metali kitufe hicho kilikuwa mkombozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 redio za Marekani hazikuwa na nafasi kwa bendi ngeni za Uingereza kama Diamond Head. Santuri zao ziliagizwa kutoka ng'ambo, chache na kwa bei kubwa. Mmoja akiipata, wenzake walimjia na kanda tupu mkononi.

Hapo ukazaliwa mtandao wa barua. Shabiki aliandika orodha ya kanda alizonazo, akaituma kwa mwenzake wa Norway, Brazil au Poland ambaye anwani yake ameiona kwenye kijarida cha kurudufu. Mwenzake akachagua anazotaka, naye akatuma za kwake. Gharama ilikuwa kanda tupu na stempu, na hata stempu walizibania. Walizipaka gundi ili muhuri wa posta ukae juu ya gundi; mpokeaji akaziosha kwa maji, muhuri ukatoka, zikabandikwa tena kwenye bahasha ya kurudi.

Ubora ulikuwa wa taabu. Nakala iliyotolewa kwenye nakala ya nakala ilijaa mvumo, matoazi yakafifia, besi ikazama. Watu walikaza masikio wakasikiliza hivyohivyo.

Julai 1982 Metallica ilirekodi kanda ya majaribio yenye nyimbo saba, *No Life 'til Leather*. Haikuwekwa dukani. Ilipewa marafiki, marafiki wakairudufu, ikavuka bara zima la Amerika hadi New Jersey, kwenye soko la mitumba ambako Jon Zazula na mkewe Marsha walikuwa na kibanda cha kuuza santuri. Zazula alipoisikia aliwaita vijana wale wavuke nchi waje kwake. Akaanzisha kampuni, Megaforce, na Julai 1983 albamu ya kwanza, *Kill 'Em All*, ikatoka.

> Metallica ilifika New Jersey kwa kanda ya kurudufu kabla ya kufika kwa albamu.

Hata sauti ya kwanza ya bendi hiyo kwenye santuri ilitoka katika mseto wa shabiki. Brian Slagel, kijana aliyefanya kazi kwenye duka la santuri Los Angeles na rafiki wa Ulrich, alikusanya bendi asizotaka zipotee na kuzitoa pamoja mwaka 1982 kwa jina *Metal Massacre*. Katika toleo la kwanza jina la Metallica lilichapwa vibaya, likaongezewa herufi t. Naye Ulrich, mwaka 1990, akishirikiana na mwandishi wa Uingereza Geoff Barton, alitoa mseto wake wa bendi za Kiingereza za enzi ya 1979. Mtu huyu alijua fika maana ya kumchagulia mwingine muziki.

Dakika 45 kila upande

Kwa nini ala tupu? Kwa sababu vibao hivyo vilikuwa yatima. Bendi kubwa ya metali kwa kawaida iliweka kimoja tu kwenye albamu, mara nyingi katikati au mwishoni, na redio ilikipita kwa sababu haikuwa na mwimbaji wa kuwashika wasikilizaji. Black Sabbath walikuwa na "Rat Salad" mwaka 1970. Iron Maiden walikuwa na "Transylvania" mwaka 1980, "Genghis Khan" mwaka uliofuata, na "Losfer Words" mwaka 1984. Metallica walitoa kimoja katika kila albamu kati ya nne za kwanza: sokomoko la besi la Cliff Burton mwaka 1983, "The Call of Ktulu" mwaka 1984, "Orion" mwaka 1986 na "To Live Is to Die" mwaka 1988.

Kuvikusanya vyote mahali pamoja kulihitaji mtu mwenye santuri nyingi, au mwenye marafiki wenye santuri nyingi. Kanda yenye Sabbath, Maiden na Metallica zikifuatana bila neno lolote kuimbwa haikuwahi kuwa bidhaa ya kampuni yoyote niijuayo. Ilikuwa kazi ya shabiki.

Baadaye zikaja albamu nzima za gitaa. *Rising Force* ya Yngwie Malmsteen, ya mwaka 1984, ina uimbaji mdogo sana. Huko California, Mike Varney wa Shrapnel Records alikuwa akiwasaka vijana wenye vidole vya kasi. Kwake ndiko ilikotoka *Perpetual Burn* ya Jason Becker mwaka 1988. Joe Satriani alionyesha kwamba ala tupu inaweza hata kuuza: *Surfing with the Alien* ya 1987 ilipita nakala milioni moja nchini Marekani.

Sasa chukua kaseti ya dakika 90 ujaribu. Kila upande una dakika 45. "Orion" inazidi dakika nane, "Ktulu" inakaribia tisa, "To Live Is to Die" inakaribia kumi. Hivyo vitatu tu vimekula dakika 27. Kinahitajika kifupi cha kupumulia, na hapo ndipo "Eruption" ya Van Halen, ya mwaka 1978, isiyofika dakika mbili, au "Rat Salad" ya dakika mbili na nusu, zinapopata kazi. Ukikosea hesabu, kanda inakwisha huku gitaa likiwa katikati ya kilio. Ukikimbilia kaseti ya dakika 120 ili upate nafasi, utepe wake ni mwembamba na mashine huutafuna.

Tena hakuna njia ya mkato. Kurekodi dakika 90 kunakula dakika 90, na mrekodi anakaa palepale, anapandisha sauti ya santuri iliyo chini, anashusha ya iliyo juu, anabonyeza na kuachia kabla wimbo wa pili haujaingia. Akimaliza anavunja vile vidole viwili vya plastiki juu ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Halafu anaandika majina kwa kalamu kwenye karatasi ya jalada, herufi ndogondogo zibanane.

Nasisitiza kazi hiyo kwa sababu ndiyo inayosahaulika tunapozungumzia wizi. Aliyepokea kanda alipokea usikivu wa mwenzake. Katika muziki usio na maneno, mpangilio ndio unaozungumza: kwamba baada ya kasi ya Malmsteen nimekuwekea utulivu wa Satriani, kwamba nimekuachia "Orion" mwisho wa upande B kwa makusudi. Shabiki wa Poland hakuhitaji Kiingereza kulielewa hilo.

Msomaji wa huku aliyekulia kwenye muziki wa dansi hatapata shida. Anayemsubiri mwimbaji anyamaze ili sebene ianze, au aliyesimama ukumbini akingoja chemko ambapo gitaa la solo linaachiwa uwanja, anakijua wanachokitafuta watu hawa. Katikati ya "Orion" magitaa yanatulia, na besi ya Burton inaanza upya polepole, peke yake, kisha wenzake wanaifuata mmoja mmoja.

Burton alifariki Septemba 27, 1986, basi la bendi lilipopinduka nchini Sweden, miezi michache baada ya kibao hicho kutoka. Kilipigwa kwenye mazishi yake. Jukwaani Metallica hawakukipiga kizima hadi mwaka 2006. Kwa miaka 20 "Orion" ilikaa kwenye albamu na kwenye kanda za watu, na mtu aliyetaka rafiki yake aisikie alimrekodia.

Kaseti yenye mifupa

Kampuni za rekodi zilikuwa na hesabu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chama chao cha Uingereza, BPI, kilisambaza picha ya kaseti iliyochorwa kama fuvu juu ya mifupa miwili iliyopishana, pamoja na onyo kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Hoja yao ilikuwa rahisi: kila kanda iliyorekodiwa ni santuri ambayo haikununuliwa.

Ndani ya tasnia yenyewe hawakukubaliana. Mwaka 1981 Island Records ilianza kuuza kaseti zenye albamu upande mmoja na upande wa pili mtupu, mnunuzi ajirekodie apendacho. Mwaka huohuo Dead Kennedys, bendi ya panki ya San Francisco, waliacha upande mzima wa kaseti yao ukiwa wazi na kuwahimiza wanunuzi wautumie.

Vita vikafika kwa watengenezaji wa mashine. Amstrad iliuza redio zenye nafasi mbili za kaseti, zinazorudufu kwa kasi maradufu. Kampuni za rekodi zilishtaki, shauri likapanda hadi Baraza la Mabwana la Uingereza, na mwaka 1988 zikashindwa: kuuza mashine si kumruhusu mtu avunje sheria. Jaji Templeman aliongeza jambo ambalo watunga sheria walipaswa kulitilia maanani. Alisema sheria inayovunjwa na mamilioni ya watu majumbani inadharauliwa, na ama irekebishwe ama ifutwe.

Upande wa mpiga gitaa

Hata hivyo kuna mtu ambaye shabiki anapaswa kumtazama usoni, naye si mkurugenzi wa kampuni.

Jason Becker alikuwa bado hajafika miaka 20 alipotoa *Perpetual Burn*. Alichaguliwa kupiga gitaa katika bendi ya mwimbaji David Lee Roth, na wakati huohuo, akiwa na miaka 20, aligundulika kuwa na ALS, ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Vidole vilinyamaza, kisha sauti. Yu hai hadi leo na bado anatunga, kwa kusogeza macho kufuata mfumo wa herufi uliobuniwa na baba yake. Kwa msanii kama huyu, asiyeweza kuzunguka na matamasha, mrabaha wa nakala chache una uzito ambao Metallica hawaujui.

Vivyo hivyo kwa wapiga ala tupu karibu wote. Redio haiwapigi, kwa hiyo hawana malipo ya utangazaji. Mashabiki wao ni wachache na wametawanyika. Anayesema nakala ya bure haiwaumizi kamwe hajakaa nao.

Lakini mashabiki hao walifikaje kwa wapiga gitaa hawa? Redio ilifunga mlango, na duka la mtaani halikuleta santuri zao. Njia kubwa iliyobaki ilikuwa mtu kumwambia mtu: sikiliza hiki. Becker alipotoa *Triumphant Hearts* mwaka 2018, pesa za kuitengeneza zilichangwa na mashabiki kupitia mtandao. Upendo wa kiasi hicho, miaka 30 baada ya albamu ya kwanza, haukujengwa na matangazo.

> Rafiki anajua anampa nani, na kwa nini anampa.

Hapa ndipo Napster ilipotofautiana na bahasha, na ndipo ninapompa Ulrich haki yake kwa sehemu. Kesi yake dhidi ya Napster ilianzia kwenye wimbo "I Disappear", uliovuja haujakamilika na kuanza kupigwa redioni kabla bendi haijautoa. Alipofika mbele ya kamati ya Seneti Julai 11, 2000, hoja yake kuu ilikuwa ridhaa: hakuna aliyewauliza. Bendi yake ilikuwa ikiwaruhusu mashabiki kurekodi matamasha. Napster ilitoa nakala zisizochakaa kwa wageni wasiohesabika, nayo ilikuwa kampuni inayotafuta faida. Haikukaa chini dakika 90 kwa ajili ya mtu yeyote.

Kosa la yale maboksi lilikuwa kutotenganisha. Majina 335,435 yaliwekwa kapu moja, na wenye majina wakafungiwa huduma. Napster yenyewe ilizimwa Julai 2001, na Metallica ikapatana nayo. Aprili 2015 Metallica walitoa upya *No Life 'til Leather*, wakaiuza rasmi ikiwa kaseti.

Kibanda cha memori kadi

Huku kwetu jambo hili halihitaji kuelezwa kwa mifano ya mbali. Kizazi kizima kilirekodi taarabu na dansi kutoka redioni, na leo mjini ukitaka nyimbo unampa kijana wa kibandani flashi au memori kadi, anakujazia, unamlipa. Kijana huyo anauza. Rafiki aliyekurekodia hauzi. Sheria nyingi zimehangaika kuwatenganisha hao wawili.

Ujerumani ilianza mwaka 1965 kwa kuweka tozo kwenye mashine za kurekodi, pesa ziende kwa wasanii, mtu naye arekodi kwa amani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1992, ilizuia watu kushtakiwa kwa kurekodi muziki nyumbani bila biashara. Uingereza iliruhusu nakala binafsi Oktoba 2014 bila tozo yoyote. Vyama vya wanamuziki vilikwenda mahakamani, na Julai 2015 ruhusa hiyo ikafutwa. Tazama ni nani waliopinga: wanamuziki, kwa sababu walisahauliwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamruhusu mtu kutoa nakala moja ya muziki kwa matumizi yake mwenyewe, na inampa mwenye haki fidia itokanayo na tozo ya vifaa na kanda tupu. Tanzania, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, iliweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Anayenunua kifaa cha namna hiyo, basi, ameshachangia.

Lakini soma vizuri maneno ya Kenya: nakala ni ya aliyeitengeneza. Akimpa rafiki yake, ametoka nje ya kinga. Kitendo kilichoifikisha kanda ya Metallica New Jersey hakimo.

Na watu wanaofaidika na kitendo hicho hawako California tu. Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka mingi sasa, zikiwemo Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass, ambazo redio kubwa hazikuzilea. Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika uwanja huo, walitoa albamu ya kundi lao, Duma, mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni inayobeba kaseti hadi kwenye jina lake. Muziki wao una kelele za koo, si ala tupu, ila njia ya kuwafikia wasikilizaji ni ileile.

Kiungo cha orodha ya nyimbo kinachotumwa kwa simu kimerahisisha mambo, na msanii anapata kitu, japo kidogo. Kimepunguza mengine. Asiyelipia hukatizwa na matangazo, na wimbo ukiondolewa na kampuni orodha inabaki na pengo. Mpenzi wa Pelican au Russian Circles, bendi za ala tupu za Chicago, au wa Animals as Leaders ya Tosin Abasi, mzaliwa wa Marekani wa wazazi Wanijeria, anaweza pia kununua albamu kwenye tovuti ya Bandcamp na kumtumia mwenzake kama zawadi. Hiyo ni njia safi, kwa mwenye kadi ya benki na bando la kutosha. Kijana wa Kigoma mwenye simu ya mkopo atapewa flashi.

Kwa hiyo mabunge ya Nairobi na Dodoma yana kifungu kifupi cha kuongeza: nakala anayoitoa mtu bure kwa ndugu au rafiki anayemfahamu isiwe kosa, maadamu kifaa kimelipiwa tozo. Kibanda kinachouza, na tovuti inayogawia umma, vibaki mikononi mwa sheria kama sasa. KECOBO ya Kenya na Cosota ya Tanzania, taasisi za hakimiliki, nazo zitangaze kila mwaka, kwa majina ya kazi na kiasi, tozo hiyo imemfikia nani, na ziwatafutie njia ya kulipwa wapiga gitaa ambao vibao vyao havipigwi redioni na kwa hiyo havimo kwenye hesabu yoyote ya utangazaji.